Kipaji Kikishashuka Kitonga

Sensa ya 2022 iliikuta Mbeya, jiji peke yake bila wilaya za jirani, na watu 541,603. Aisilandi nzima, nchi yenye rais wake, bunge lake na kiti chake FIFA, haijafikisha watu laki nne. Watu hao wachache wanaishi kwenye kisiwa chenye baridi ambayo mkazi wa Uyole akiionja ataacha kuilalamikia ya kwake ya mwezi wa saba. Kwenye Euro ya 2016 waliitoa England kwa mabao 2-1 pale Nice. Miaka miwili baadaye walikuwa Urusi kwenye Kombe la Dunia, na hadi siku hiyo hapakuwa na nchi yenye watu wachache kuliko wao iliyowahi kufuzu.

Mechi yao ya kwanza ilikuwa Moscow, tarehe 16 Juni 2018, dhidi ya Argentina, ikaisha 1-1. Kipa Hannes Halldórsson, aliyepangua penalti ya Messi, alikuwa mwongozaji wa filamu. Beki wa kulia, Birkir Már Sævarsson, alikuwa anacheza ligi ya nyumbani huku akifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha chumvi. Kocha Heimir Hallgrímsson alikuwa daktari wa meno. Hadithi hizi zilizunguka dunia nzima, nasi tukazicheka kwa mapenzi. Mimi nilivutiwa zaidi na aliyefunga bao lao, Alfreð Finnbogason, kwa sababu maisha yake ya soka hayana kichekesho chochote. Ni maisha ya mtu aliyetoka kwao kwenda kutafuta riziki, akayumba, akasimama, akayumba tena.

Alilelewa na Breiðablik, klabu ya mji wa Kópavogur ulio ubavuni mwa Reykjavík, akaipa ubingwa wa nchi mwaka 2010. Akiwa na miaka 21 akasajiliwa na Lokeren ya Ubelgiji. Hakung'ara. Wakamtoa kwa mkopo kwenda Helsingborg ya Sweden, huko mabao yakaanza kuingia, na Heerenveen ya Uholanzi ikamnunua. Msimu wa 2013/14 alifunga mabao 29 ya ligi na kuwa mfungaji bora wa Uholanzi. Hispania ikamwita, akaenda Real Sociedad, mambo yakagoma. Akaenda Olympiacos ya Ugiriki kwa mkopo, na Septemba 2015 akafunga bao la ushindi kwenye uwanja wa Arsenal, 3-2, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kisha akakaa miaka sita Augsburg, Ujerumani. Alipozeeka kimpira akamalizia Lyngby ya Denmark na Eupen ya Ubelgiji. Ukihesabu za nje ya kwao utapata klabu nane katika nchi saba, na katika safari hiyo yote kuna vituo viwili alivyoshindwa waziwazi mbele ya watu.

Mtu aliyeshindwa Lokeren, kwa nini hakurudi nyumbani? Kwa kijana wetu, kushindwa kituo cha kwanza ndiyo mwisho wa safari. Anarudi, anapokelewa na vichwa vya habari vya kejeli, anasajiliwa na timu ya katikati ya msimamo, na habari za nje zinazikwa.

Chukua Eliud Ambokile. Msimu wa 2018/19 alikuwa miongoni mwa washambuliaji waliokuwa wakitikisa nyavu za Ligi Kuu akiwa na Mbeya City, timu iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji mwaka 2011. Mwaka 2019 akaenda Black Leopards ya Afrika Kusini, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi ikamsajili. Mazembe ndiyo klabu iliyomtengeneza Mbwana Samatta, kwa hiyo Mbeya nzima ilijiona imepata Samatta wake. Haikuwa hivyo. Baadaye tulimwona tena Uwanja wa Sokoine na jezi ya Mbeya City, akifunga mabao yaleyale kwenye lango lilelile. Sisemi hivyo kumdharau. Kati ya vijana wa hapa, yeye ni mmoja wa waliothubutu kutoka na kwenda nchi ya watu bila kupitia Simba wala Yanga, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Chukua na Adam Salamba. Alifunga mabao Iringa akiwa na Lipuli, Wanapaluhengo, mwaka 2018 akaenda Simba, na 2019 akaondoka kwenda Kuwait kuichezea Al-Jahra. Nchi inamkumbuka kwa kitu kingine. Mei 2019 Sevilla ya Hispania ilikuja Dar es Salaam, ikaifunga Simba 5-4 katika mechi ya kirafiki, na baada ya filimbi ya mwisho Salamba akamwomba kiungo wa Sevilla, Ever Banega, viatu vyake. Akapewa. Siku tatu nchi nzima ikawa inamcheka: mchezaji wa Simba anaomba njumu kama mtoto wa mchangani! Nilisubiri mwandishi mmoja aulize swali lililokuwa mbele ya macho yetu, la bei ya njumu nzuri na mshahara wa mshambuliaji chipukizi. Hakuna aliyeuliza. Na hata kama aliomba kwa ajili ya kumbukumbu tu, kosa liko wapi? Wachezaji wa Ulaya wanabadilishana jezi kila Jumamosi na hakuna anayewaita ombaomba.

Yupo Ivo Mapunda, kipa aliyepita Prisons na Yanga, akadakia St. George ya Ethiopia, kisha akatwaa ubingwa wa Kenya na Gor Mahia mwaka 2013. Kwenda kufanya kazi nchi jirani na kurudi na medali ni jambo la heshima ambalo hatulipi uzito wake. Yupo pia Edwin Balua, winga ambaye Simba ilimchukua Prisons kwenye dirisha dogo la Januari 2024, na 2025 akapelekwa Saiprasi katika timu ya Enosis Neon Paralimni. Na kwa upande wa wanawake yupo Clara Luvanga, mwenye jina la ukoo ambalo Iringa halihitaji kutambulishwa, aliyetoka Yanga Princess akaenda Dux Logroño ya Hispania, halafu Al-Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023, ambako amekuwa akifunga mpaka imekuwa habari ya kawaida. Kwa kipimo cha mabao na mataji, sioni mwanasoka wetu wa kiume aliye nje kwa sasa anayemfikia, na gazeti hili na mengine yote tumempa nafasi finyu kupita kiasi. Hilo lina makala yake siku nyingine.

Orodha hiyo ni fupi kwa mikoa ya Nyanda za Juu inayojisifu kuwa na timu Ligi Kuu miaka nenda rudi. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa wa Tanzania mwaka 1986, timu ya mji wa migomba na chai ikiwaacha nyuma wakubwa wa Kariakoo. Mbeya City, msimu wao wa kwanza wa 2013/14 chini ya Juma Mwambusi, walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Lipuli walifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, wakafungwa 1-0 na Azam pale Lindi. Ihefu, wakicheza Ubaruku katikati ya mashamba ya mpunga ya Mbarali, ndio walioikatisha Yanga mwendo wake wa mechi 49 bila kupoteza, Novemba 2022. (Timu hiyo sasa inaitwa Singida Black Stars na iko Singida. Hivi ndivyo tunavyofanya na vitu vizuri.) Vipaji vipo, basi. Vinakwenda wapi?

Vinashuka Kitonga. Kila mtu wa Iringa anaijua barabara ile ya kona na mabonde, unapoteremka kutoka kwenye baridi kwenda Ruaha Mbuyuni, halafu Mikumi, halafu Morogoro, halafu Dar. Mwaka 2015 Deus Kaseke alitoka Mbeya City kwenda Yanga, na mwaka huohuo Geoffrey Mwashiuya akatoka Kimondo ya Mbozi kwenda hukohuko. Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Miaka miwili baadaye Raphael Daud naye akaenda Yanga. Hawa ni wanne tu kati ya wengi, na kila dirisha lina wake. Kijana wa Nyanda za Juu ameshafundishwa kwamba nje ya nchi inaanzia Mtaa wa Msimbazi na Jangwani. Akifika pale, kwa familia yake na kwa mtaa wake, ameshafika.

Anayetaka kujua somo hilo linafundishwa wapi aende Sokoine siku Yanga wanapocheza na Prisons. Tangu saa tatu asubuhi barabara imejaa jezi za kijani na njano, wauzaji wanazipeperusha kwenye madirisha ya daladala, mahindi ya kuchoma yanafuka moshi kando ya ukuta, na nusu ya wanaokuja wametoka Tukuyu, Chunya, Vwawa na Makambako kwa magari ya kukodi. Prisons, Wajelajela wenyewe, wanaingia uwanjani kwao na kuzomewa. Yanga wakifunga, Mbeya inalipuka. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekaa mabegani kwa baba yake anaona jambo moja kwa macho yake: baba yake mzazi, mtu wa Iyunga, anashangilia timu ya nyumbani kwake ikifungwa. Ukimwuliza mtoto huyo anataka kuwa nani, hatasema anataka kuvaa jezi ya Prisons, na Heerenveen hajawahi kuisikia.

Nasema haya bila chuki na Kariakoo. Pesa ya usajili ya Simba au Yanga inajenga nyumba ya mama, inalipa ada za wadogo, inanunua bodaboda mbili za kuingiza hela kila jioni. Ligi yetu imekua. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba wakafika ile ya 2025. Mtu mwenye akili timamu hawezi kumwambia kijana wa miaka 21 kutoka Mbalizi, ambaye msimu uliopita alicheza kwa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara uliochelewa, kwamba aikatae simu ya Msimbazi kwa ajili ya ndoto ya Denmark. Mimi ningekuwa yeye ningepanda basi usiku uleule.

Aisilandi hawana Kariakoo, na kwao hilo limekuwa bahati. Ligi yao haina uwezo wa kumfanya mtu atosheke. Mchezaji bora wa nchi, akibaki nyumbani, atacheza jioni na kufungasha chumvi asubuhi. Kwa hiyo kila kitu kuanzia kwa mtoto wa miaka minane kimepangwa kwa kuondoka: kocha mwenye leseni ya UEFA anayelipwa, kumbi kubwa za kuchezea majira ya baridi walizoanza kuzifungua mwaka 2000, klabu za Denmark, Norway na Uholanzi ambazo zinawajua mawakala wao kwa majina. Sheria za FIFA nazo zinawapendelea. Kijana hawezi kuhama nchi kwa ajili ya mpira kabla ya miaka 18, ila ndani ya Umoja wa Ulaya na nchi zilizofungamana nao kiuchumi, Aisilandi ikiwemo, anaruhusiwa kuondoka na 16. Wa kwetu lazima asubiri 18, na akishatimiza, Kariakoo ndiyo inayomngoja stendi.

Hapo kwenye 18 naomba tuweke kituo. Samatta alikuwa Simba muda mfupi tu. Mazembe walipokutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika 2011, Wakongo waliondoka na ushindi na kijana pia. Alikuwa na miaka 18. Lubumbashi akakaa karibu miaka mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa 2015 akiwa mfungaji bora wa mashindano, akaitwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Genk, ubingwa wa Ubelgiji 2019, Aston Villa, Fenerbahçe, PAOK na mengine. Novatus Dismas alitoka Azam kwenda Israel akiwa na miaka 18. Akapita Zulte Waregem, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk, kisha Uturuki. Kelvin John alisaini Genk na miaka 18. Simon Msuva, mchezaji ambaye kwa jitihada na nidhamu simwoni wa kumzidi katika kizazi chake, aliondoka Yanga akiwa na miaka 23. Alipata mafanikio Morocco, akavuna pesa Saudi Arabia na kwingineko Uarabuni, lakini mlango wa Ulaya haukufunguka. Klabu za Ulaya zinanunua miaka iliyobaki. Mtu wa miaka 24 anayetoka ligi wasiyoifuatilia ni bidhaa ngumu kuuza, hata awe mzuri vipi.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya kijana wa Nyanda za Juu. Anaonekana Sokoine, au Uwanja wa Samora kule Iringa, akiwa na 20 au 21. Kariakoo wanamchukua 22. Pale anakuta wageni kumi na wawili wanaoruhusiwa na kanuni, wengi wakicheza nafasi yake ya mbele, anasugua benchi mwaka mzima, anapelekwa kwa mkopo Dodoma au Lindi, anarudi 25. Ukimwuliza kuhusu nje atakwambia anafanya mpango. Balua ameponea tundu hilo kwa sababu Simba wenyewe waliamua kumtoa nje badala ya kumtoa kwa mkopo wa ndani, na kwa hilo nawapa heshima yao.

Tatizo la umri lina ndugu yake, nalo ni la makaratasi. Kuna mwalimu mmoja anayefundisha watoto kwenye uwanja wa shule hapa Mbeya, jioni, bila malipo, koni zake ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Ana kaunta buku lenye jalada jeusi. Nilimwomba anionyeshe. Ukurasa una safu alizochora kwa rula: jina, mtaa, simu ya mama, namba ya kiatu, nafasi anayocheza. Safu ya tarehe ya kuzaliwa imejaa alama za kuuliza. Namba za viatu zimekatwa na kuandikwa upya mara tatu au nne, maana watoto wanakua. Nikamwuliza, "Mwalimu, hawa umewasajili TFF?" Akacheka. "Kaka, mimi hapa natafuta mpira wa pili."

Kwenye daftari lile kuna pesa, na hakuna aliyemwambia. FIFA ina utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kwa misimu ya miaka 12 hadi 15, klabu inapata robo asilimia ya bei kwa kila msimu. Kuanzia 16 hadi 23, nusu asilimia. Kijana aliyelelewa Mbeya City misimu mitano kuanzia miaka 16, akiuzwa baadaye popote duniani kwa euro milioni moja, Mbeya City inastahili euro 25,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 60, na zinakuja tena kila anapouzwa tena. Tangu mwishoni mwa 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA iliyopo Paris inayokusanya na kugawa fedha hizo yenyewe, bila klabu ndogo kuhangaika na wanasheria. Kitu cha kwanza inachohitaji ni kumbukumbu ya usajili inayoonyesha mtoto alikuwa wapi kila msimu. Mtoto aliyemo kwenye kaunta buku tu, kwa macho ya Paris, hakuwa popote.

Klabu za Aisilandi zimeishi na utaratibu huu miaka mingi. Kila mtoto anasajiliwa, na klabu ya kijiji cha wavuvi inaweza kupata hundi kwa sababu mvulana aliyekuwa akicheza pale akiwa na miaka 13 ameuzwa kutoka Norway kwenda Italia. Hundi hiyo inalipa mshahara wa kocha wa watoto wanaofuata. Sisi hatuna hundi, kwa hiyo hatuna kocha, kwa hiyo hatuna mtoto wa kuuza. Wenye kulaumu lishe na maumbile waanze kwanza hapo.

Nilisema nitarudi kwa Ambokile. Alichokifanya, kujua au kutojua, ni kutumia mlango wa nyuma wa Mbeya, ambao kwa biashara nyingine zote ndio mlango wa mbele. Simama barabara kuu pale Uyole uhesabu malori: Lubumbashi, Ndola, Kitwe, Lusaka, Lilongwe. Reli ya TAZARA inapita hapa mpaka Kapiri Mposhi tangu miaka ya 1970. Mchele wa Kyela na Mbarali, mafuta, simenti, nguo za mitumba, vyote vinajua njia ya Tunduma. Mpira peke yake ndio uliokariri njia ya Kitonga.

Na ng'ambo ya Tunduma kuna somo ambalo lingetufaa kuliko la Aisilandi, kwa kuwa ni la watu wa maisha kama yetu. Kafue ni mji mdogo kusini mwa Lusaka, na klabu yake, Kafue Celtic, si kubwa hata kwa viwango vya Zambia. Hapo ndipo walipotoka Patson Daka na Enock Mwepu. Wote wawili walikuwa katika kikosi cha vijana kilichotwaa AFCON ya chini ya miaka 20 nyumbani Zambia mwaka 2017, na mwaka huohuo walikuwa Austria, katika nyumba ya Red Bull Salzburg. Walianza kwenye timu ndogo ya kulelea ya Liefering, daraja la pili, ambako hakuna shabiki aliyewajua. Mwaka 2021 Mwepu alinunuliwa na Brighton na Daka na Leicester, na Oktoba ya mwaka huo Daka akaifungia Leicester mabao manne katika mechi moja ugenini Moscow dhidi ya Spartak. Mwepu alilazimika kustaafu mwaka uliofuata, na miaka 24 tu, kwa tatizo la moyo la kurithi. Huo ni msiba wa mtu, na hauondoi ukweli kwamba kijana wa timu ya mji mdogo alifika huko bila kupoteza miaka yake bora akisubiri zamu kwenye benchi la timu kubwa ya mji mkuu.

Najua nitajibiwa kwamba Zambia wana historia, wana pesa ya shaba, wana ubingwa wa Afrika wa 2012. Sawa. Lakini Kafue Celtic hawakuwa na shaba. Walikuwa na watu waliokataa kuwatoa vijana wao kwa bei ya kulipia deni la hoteli.

Sokoine na Samora, viwanja vyote viwili vya CCM, havitapata AFCON ya 2027 itakapokuja kwetu, Kenya na Uganda. Wasaka vipaji wa Ulaya watatua Dar, Zanzibar na Arusha, watakula samaki, watarudi. Hawatapanda basi kuja kutuona. Timu ya vijana ya Mbeya City ikivuka Tunduma mara mbili kwa mwaka kucheza mechi za kujipima Kitwe na Ndola, mbele ya mawakala ambao tayari wana njia ya Salzburg na Denmark, itaonekana zaidi kuliko ikikaa hapa ikisubiri. Prisons nao wana jambo lao la kipekee: baadhi ya wachezaji wao ni askari, wana ajira na pensheni. Wengi wanalitazama hilo kama kizuizi, kwamba askari haondoki. Mimi naliona kama ujasiri wa bure. Kijana aliyepewa likizo ya miezi sita kwenda majaribio, akijua akishindwa kazi yake ipo, atacheza majaribio hayo bila kutetemeka. Lokeren inaweza kumkataa, na bado ana pa kuanzia tena.

Hayo yanahitaji viongozi wa Magereza na halmashauri kukaa na kanuni zao. Kuna moja ambalo halihitaji kikao. Mbeya City wamerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, na Kariakoo watapiga simu tena kama walivyopiga 2015. Atakayeipokea simu hiyo aombe vitu viwili kabla ya kutaja bei: asilimia ya mauzo ya baadaye, iandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu, na kifungu kwamba ikija ofa ya nje kabla kijana hajatimiza miaka 22, anaondoka. Cha kwanza watakikubali baada ya kelele kidogo. Cha pili Simba na Yanga watakikataa. Basi bei ipande mara mbili.